Sahani ya Pili ya Nahla

Raiya, stima imepotea na nasikia kifuniko cha sufuria kikigonga jikoni. Ni mama mkwe, ananipashia wali. Baada ya niliyoyasema leo, shoga, bado ananipashia wali.

Wale wanasaikolojia wanaochunguza unene wa watoto na maisha ya familia zao walikuja alasiri. Na wewe waujua wivu wangu. Nahla wangu ana miaka saba, lakini akilia huitafuta leso ya bibi yake, si yangu.

Basi walipouliza kwa nini mtoto amenenepa hivi, nikaropoka. "Bibi yake anamlisha viazi karai kama mbuzi wa Idi."

Mbele yake, Raiya. Mbuzi wa Idi.

Mama mkwe akatengeneza ushungi wake, akasema taratibu, "Mimi humpa sahani moja, baada ya magharibi. Wewe saa hizo huwa wapi, mwanangu?"

Huwa darasani, kwenye masomo yangu ya jioni, unajua. Roho ikaniwaka.

Yule mtafiti wa kike akamwinamia Nahla. "Ukishakula na bibi, unakula tena?"

"Ndiyo, na mama akirudi."

Hapo nikajiona nimeshinda. Kila usiku namjazia sahani, najisifu moyoni kwamba hashibi mpaka ale kwangu.

"Na huwa bado una njaa?"

Nahla akatikisa kichwa kukataa, akasema, "Nakula ili mama asile peke yake."