Mstari Niliouchapa Katika Wasifu Wako

Mama,

Ninakuandikia nyuma ya fomu za kujiunga na shule ambazo mashine ilizichapa zikapinda. Ungekuwa hapa ungenicheka, kwamba hata barua ya kaburini naiandika kwenye karatasi ambayo hakuna atakayeniuliza imekwenda wapi. Ndivyo nilivyo. Bado ni karani wa shule ile ya binafsi, kandarasi yangu bado ni ya muhula kwa muhula, na bado nikiitwa jina langu kwa sauti ya juu nasimama kabla sijajua nimefanya nini.

Ni miezi mitano tangu tukuzike, na nina kinyaa. Sitasema ni huzuni. Huzuni ilikuwepo, najua itarudi, lakini siku hizi nikifungua mdomo kuomba nasikia ladha ya chakula kilicholala sufuriani siku tatu.

Acha nikueleze ilivyokuwa, maana haya yote yalitendeka juu yako na hukuweza kusema lolote.

Kamati ya mazishi ilikaa sebuleni kwetu siku nne mfululizo. Mwenyekiti alikuwa Mkurugenzi wa shule ninakofanya kazi, kwa kuwa ni mzee wa kanisa na hakuna mazishi upande wetu yanayopita bila yeye. Tata, dada yako, alikuja kutoka Kangema na begi la nguo za wiki mbili. Kazi ya kuchapa wasifu wako nikapewa mimi, kwa sababu karani ni mimi. Niliandika ukweli: ulikozaliwa, miaka yako katika maabara ya shule ya wasichana, jinsi ulivyowapenda watoto wa kaka, na kwamba kila Agosti uliwafanyia Sikukuu ya Shosho Wote, ya kuwakumbuka bibi zetu wote tangu mwanzo wa viumbe.

Tata aliposoma hapo aliguna. Akasema jambo hilo haliwezi kusomwa mbele ya madhabahu, mchungaji atakataa, na watu watarudi makwao wakisema tulimzika mama wa nyani. Mkurugenzi alinitazama tu, vile anavyonitazama nikifika saa mbili na dakika tano. Ndipo Tata akanipa maneno ya kuweka badala yake: kwamba wiki yako ya mwisho hospitalini ulikana mafundisho ya mageuzi ya viumbe na kuomba msamaha kwa kuwapotosha watoto.

Nilimwambia hukusema hivyo. Nilikuwa pale.

"Wewe andika tu, mwanangu," akasema, huku anachagua mchele. "Maiti haisomi."

Niliandika, Mama. Niliandika nikakagua tahajia. Nikapunguza ukubwa wa herufi kidogo ili mstari ule usivuke ukurasa, ukakaa sawasawa chini ya picha yako ya kitambaa cha buluu. Halafu nikachapa nakala za kutosha kanisa zima. Uliposomwa watu walisema amina, na mimi nilikuwa kiti cha mbele, nikasema amina pamoja nao.

Unajua ni nini kilichofuata? Uongo wangu ulizaa. Wiki ya pili mama mmoja alinishika mkono nje ya kanisa, kiganja chake kimelowa jasho, akaniambia amesikia ulilia siku tatu. Mwezi uliofuata Tata alipiga simu kutoka Kangema, kule hadithi tayari ilisema ulichoma vitabu vyako. Jamaa mmoja wa mbali alikutana na kaka pale Kenol, akampa pole, akamwambia kumbe malaika alisimama kwenye kitanda chako. Zile habari zisizosisimua zilikufa njiani, hakuna aliyezirudia. Zile tamu ziliishi zikanenepa. Hilo ni somo lako mwenyewe ulilotufundisha uani kwa maharagwe, na ningekuwa na moyo wa kucheka ningecheka.

Nakumbuka maharagwe yale, mimi na kaka tukiwa watoto. Ulikuwa unayanunua sokoni Majengo, rangi tatu, mekundu, meupe na njahi nyeusi, ukikataa kabisa kuchanganyiwa na muuzaji. Ulifagia ua mpaka udongo mwekundu ukawa mtupu, ukamwaga ishirini ya kila rangi, na sisi tukawa ndege. Ulihesabu mpaka kumi. Tuliokota kwa vidole viwili tu, kwa sababu ndege hana mkono. Kila haragwe lililobaki liliongezewa mtoto wa rangi yake, tukaanza tena. Duru ya nne meupe yalikuwa yamekwisha na mekundu yametapakaa ua mzima. Halafu ulileta karai la majivu ya jikoni ukayatandaza juu ya udongo uleule, tukacheza upya, na safari hii mekundu ndiyo yaliyokwisha. Kaka alilia kwa sababu alikuwa akiyashangilia mekundu. Ulimwambia hayakukosa akili wala bidii, ni ua uliobadilika. Ulisema jina la jambo hilo ni uteuzi asilia, na kwamba hakuna anayeteua.

Baada ya hapo ndipo tulipotembea kinyumenyume. Kutoka barazani kuelekea mtoni, kila hatua mama mmoja. Hatua ya kwanza ni wewe, ya pili shosho, ya tatu mama ya shosho. Majina tuliyajua kwa sababu watoto wetu hupewa majina ya wazee, jina moja linaruka kizazi na kurudi, lakini hata hivyo penye mti wa kwanza wa kahawa majina yalituishia. Hukuturuhusu kusimama. Ulisema hawa walio mbele hawana majina lakini kila mmoja wao alizaa mtoto anayefanana naye, na kila mmoja aliishi hadi akazaa, la sivyo hata mmoja wetu hangekuwa anakanyaga shamba lako la kahawa. Pale mtoni tulinawa miguu, ukatuambia tuwasalimu samaki kwa heshima kwa sababu tumekuwa jamaa muda mrefu.

Tukirudi tulikula njahi. Ulisema ni chakula cha mama aliyejifungua, na leo tunawapikia wote waliowahi kujifungua. Tata alikula sahani mbili kila mwaka.

Kuna jambo moja uliloniambia nilipokuwa mdogo, siku niliyomkimbia mbwa wa jirani watoto wakanicheka. Ulisema sote ni wajukuu wa waoga. Yule aliyebaki kumkenulia chui hana wajukuu hapa. Nilijificha nyuma ya maneno hayo miezi mitano. Kila nilipokumbuka wasifu nilijiambia, nimeumbwa na waliokimbia. Nimeyatumia vibaya. Nakumbuka vizuri kwamba ulimalizia kwa kusema habari hizo zinatueleza tulivyofika hapa, hazituambii tufanye nini kesho. Sehemu hiyo niliiruka kwa makusudi. Na kinyaa nacho ulisema tumekirithi, kwa shosho aliyenusa nyama akaitupa. Mimi nimenusa nikameza.

Agosti ilipofika niliwaambia watoto wa kaka kwamba mwaka huu hakuna sikukuu, kwa ajili ya msiba. Uongo mwingine. Wambui, yule mkubwa mwenye jina lako, hakubishana. Ana miaka kumi sasa na ameanza kunyamaza kama wewe. Jumamosi niliyofikiri wamekwenda kuteka maji nilimkuta uani amefagia, amemwaga maharagwe, na amemfunga mdogo wake kitambaa machoni asichungulie kabla ya kuhesabu. Nilisimama mlangoni. Akaja kwangu akiwa na kijitabu cha mazishi, kimekunjwa mara nne.

"Anti, niko na swali. Hapa wameandika ati Shosho alikana. Kukana ni nini?"

Nikamwambia ni kusema jambo uliloliamini si kweli.

"Alisema hivyo?"

Nilitazama barabarani kuona kama kuna anayepita. Hebu fikiria, Mama, mtoto wa miaka kumi ananiuliza habari zako na mimi natazama barabara. Kisha nikamwambia hapana. Nikamwambia asubuhi ya mwisho uliomba uji usiwe na sukari nyingi, ukaniuliza kama safari hii mvua itauacha ua ukauke kufikia Agosti. Nikamwambia maneno ya kijitabu niliyachapa mimi. Hakuniuliza kwa nini. Alirudi akaanza kuhesabu kwa sauti. Nilifurahi kwamba hakuuliza, na kufurahi huko pia kunanichukiza.

Sasa tufike Jumatano hii.

Mwalimu wa dini wa darasa la Wambui, ambaye anasoma hapohapo ninapofanya kazi, alikuwa anafundisha toba, akautumia wasifu wako kama mfano. Mfano wa karibu, alisema, shosho ya mwenzenu. Wambui akasimama akasema Shosho hakukana, anti yake alikuwepo. Darasa likacheka. Kuna mtoto alimwambia alete mkia waone. Mwalimu akamtaka aombe radhi, akakataa, akapelekwa kusimama chini ya mlingoti wa bendera mpaka akubali.

Mlingoti uko mbele ya dirisha langu. Niliinua macho kutoka kwenye orodha ya majina nikamwona. Manyunyu yalikuwa yameanza, na sweta lake la shule lilikuwa na vile vitone vidogo vinavyokaa juu ya sufu kabla havijaingia. Hakuwa analia. Alikuwa anatazama dirisha langu.

Nikainamisha kichwa nikaendelea na orodha. Ndiyo, Mama. Niliandika majina mengine matatu.

Kabla ya chai ya saa nne Mkurugenzi aliniita. Alikuwa mpole, na upole wake ndio unaonitia kichefuchefu kuliko kelele. Alinisogezea sahani ya mandazi. Akasema anajua nimefiwa, anajua mtoto ni mtoto, na hataki jambo hili liende mbali. Niandike barua fupi kwamba Wambui alielewa vibaya na kwamba yaliyo katika wasifu ni kweli. Yeye ataisoma Ijumaa kwenye gwaride, mtoto aombe radhi mbele ya wenzake, tumalize. Akaongeza kwamba kandarasi yangu iko mezani pake, alikuwa karibu kuitia sahihi. Nilikula andazi, kwa sababu alikuwa ananitazama nile. Lilikuwa na mafuta ya jana.

Nilirudi mezani nikaichapa. Mikono yangu inajua kazi hiyo, haihitaji msaada wangu. "Mtoto alielewa vibaya mazungumzo ya nyumbani." Ni sentensi nzuri, haina kosa. Nikaitoa kwenye mashine ikiwa na joto, nikachukua kalamu, na pale pa sahihi niliona jina langu na chini yake, katika mstari wa kumtaja mtoto, jina lako. Wambui. Ningetia sahihi kwamba Wambui ni mwongo. Kwa mara ya pili.

Sikuwa jasiri. Nataka ulijue hilo kutoka kwangu, usije ukasikia hadithi nyingine iliyonenepa. Nilikwenda kwanza chooni nikatapika andazi. Kisha nikatoka nje, nikapita mbele ya madirisha ya darasa la tatu na la nne, watoto wote wananiangalia, nikamshika Wambui mkono. Ulikuwa baridi. Nikaingia naye kwa Mkurugenzi bila kubisha, mimi ambaye hubisha hata mlango ukiwa wazi.

Nilisema, "Mtoto amesema kweli. Mama yangu hakukana. Mimi ndiye niliyechapa uongo, na wewe ulikuwepo nikiambiwa nichape."

Bado nilikuwa nimemshika Wambui mkono. Mkurugenzi alimtazama Wambui, si mimi. Akasema kwa upole uleule kwamba kamati ya shule itakaa Jumanne, na mpaka hapo nisije kazini, na mtoto naye abaki nyumbani. Kisha akavuta sahani ya mandazi upande wake.

Tata ameshapiga simu. Amesema nimekufukua. Kaka amekasirika kwa sababu ya karo aliyokwisha lipa, lakini amemuuliza Wambui ikiwa alisimama muda mrefu, akamkaushia sweta jikoni. Mimi sijalala vizuri. Nahesabu Jumanne ni siku ngapi, kana kwamba itabadilika nikihesabu tena.

Sijui watanifanya nini, Mama. Lakini kanisa lile ndilo lililosikia, na kumwambia mtu mmoja ofisini hakutoshi. Basi ahadi yangu ni hii. Jumapili, wakati wa matangazo, nitainua mkono kama mtu mwenye tangazo la kawaida. Nitasimama pale nilipokaa siku ya mazishi, niseme mstari ule niliuchapa mimi na si wa kweli, na niseme ulichoomba asubuhi ile. Wambui anataka kusimama nami. Nimemkataza. Yeye amesimama vya kutosha. Safari hii atakaa kwenye benchi na kunisikiliza.

Kwaheri, Mama. Pumzika, wala usinisubiri niwe mtu mwingine. Nitasimama mbele yao nikitetemeka.

Ni mimi, binti yako.