Fundi wa Boila Aliyerudishwa Mlangoni

Cedar Avenue,
Minneapolis, Minnesota.
9 Machi 1996

Mpendwa Shangazi Faridah,

Assalaam aleikum warahmatullah. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na Ami Abdulghani na wote wa hapo Mombasa. Mguu wa Ami umetolewa plasta? Mwambie huku ningemwazima viatu vyangu vya theluji, kila kimoja kizito kama jiwe la kusagia.

Sisi tu hai. Nimelifikiria neno hilo kabla ya kuliandika. Kusema hatujambo kungekuwa uongo, na uongo ndio ulionifanya nikae kukuandikia.

Wanijua nisivyojua kusema na watu, Shangazi. Hata ukipiga simu mimi husema "mzima" na "ndiyo" kisha nampa Mama. Shuleni ni hivyo hivyo, mwalimu hudhani Kiingereza kinanishinda. Hakinishindi. Watu ndio wananishinda. Kwenye karatasi napata nafasi ya kupumua.

Siku ya Idi ulipopiga simu, Baba aliiweka kwa sauti ili wote tusikie. Nilikuwa namimina chai. Ulisema, "Mama na ukaidi wake! Nani kamwambia eda ni kufukuza mpaka mafundi? Ona sasa alivyojiponza, na mtoto wa watu naye!" Baba akavuta pumzi, akasema ndivyo alivyo. Wanawake waliokuja kutupa pole nao walisema hivyo hivyo. Mmoja alicheka kabisa, akasema vikongwe vya pwani na mambo yao. Nikaendelea kumimina chai.

Bibi hakumfukuza fundi. Ni mimi.

Nieleze vizuri, maana Baba alikusimulia mbio mbio. Nyumba hii inapashwa joto na boila ya gesi iliyo chini ya nyumba. Inachemsha maji, maji yanapita kwenye vyuma vilivyo ukutani, kila chumba kinapata joto. Katikati ya Januari ikaanza kujizima. Unaamka, chuma cha baridi, Bibi amekaa kitandani amejifunga mablanketi matatu. Baba anashuka, anabonyeza kitufe chekundu kilicho karibu na bomba la moshi, inawaka. Baada ya saa chache inazima tena.

Mwenye nyumba akatuma fundi, Jumanne ya mwisho wa Januari, saa kumi jioni. Baba alikuwa kazini Eden Prairie, Mama bado yuko kwenye chumba cha kufulia cha hoteli kule Golden Valley. Tulikuwa mimi na Bibi. Baba alikuwa ameniachia maneno: fundi akija, mwingize Bibi chumbani kwako, ufunge mlango, kisha umfungulie.

Bibi hakuwa na neno. Tangu Babu azikwe huku mwezi wa Novemba alikuwa ameishika eda yake sawasawa, hatoki, haonekani na mwanamume wa kando. Lakini kengele ilipolia alisimama mwenyewe. "Mfungulie, mie naingia kwako najifungia. Dharura hiyo, Mungu si mkali hivyo. Au wataka nigande hapa, unizike na majokofu?"

Akaingia, akafunga mlango. Nami nikasimama nyuma ya mlango wa nje nikashindwa.

Sijui nikuelezeje. Nilikuwa nimejitanda kanga juu ya sweta, nyumba inanuka sambusa za futari, na godoro la Bibi liko pale pale sebuleni. Nikafikiria nitashuka chini na Mzungu nisiyemjua, aniulize maswali ya mashine, nikosee. Basi nikasema kwa Kiingereza, bila kufungua, kwamba bibi yangu amefiwa na mumewe na dini yake haimruhusu mwanamume kuingia. Kiingereza safi kabisa. Sijawahi kusema sentensi ndefu namna ile.

Akasema, "Pole sana, binti. Mimi ni Davis. Nitarudi baba akiwepo. Lakini ikizima tena, msibonyeze kile kitufe chekundu. Iacheni hivyo hivyo. Mwambie baba, tafadhali."

Sikumwambia. Aliporudi Baba nilisema tu fundi kaja, Bibi kakataa kwa sababu ya eda. Ningetaja kitufe ningeulizwa mengi, na kweli ingetoka.

Baba akamwendea Bibi. "Mama, hata fundi? Si ungejitia chumbani dakika kumi?"

Bibi alinitazama. Kisha akasema, "Haya, nimekosa." Baba alipoondoka akaniambia polepole, "Leo nimekubebea. Siku nyingine ubebe mwenyewe." Wala hakununa. Akaniomba nimletee tasbihi yake.

Mwenye nyumba akasema fundi hataweza kurudi mpaka Jumatatu, baridi imeharibu boila za watu mji mzima. Baba akanionyesha kile kitufe ili tusigande wakati hayupo.

Bibi alikuwa akilalamika kichwa. Na mimi pia. Mama alisema ni saumu, na kwa Bibi ni saumu na majonzi. Alikuwa halali, hali vizuri, anasinzia mchana akiwa amekaa. Nani angedhani ni kitu kingine, miezi miwili tu baada ya Babu?

Ijumaa shule zilifungwa kwa baridi, ile baridi mliyoisikia redioni. Nilikuwa nyumbani na Bibi peke yetu. Boila ikazima asubuhi, nikashuka nikabonyeza. Ikazima, nikabonyeza. Mara ya saba nikaacha kuhesabu. Kila nikibonyeza nilisikia sauti ya yule fundi, Shangazi, siwezi kusema niliisahau. Lakini Bibi alikuwa anatetemeka, na kumwacha atetemeke pia niliona ni dhambi.

Baada ya adhuhuri nikakaa kwenye ngazi kwa sababu miguu ilikuwa haina nguvu. Nakumbuka niliona raha. Mama aliporudi alinikuta pale, na Bibi juu ya msala, hajamaliza kusali. Alituburuta mpaka kizingitini. Jirani yetu Margaret ndiye aliyeita gari la wagonjwa.

Watu wa zimamoto walikuta tofali limeanguka ndani ya dohani. Moshi wa gesi haukuwa na pa kutokea, ukarudi ndani, na hewa yake ya sumu haina harufu. Kile kitufe ni cha usalama. Mashine ilikuwa ikihisi moshi unarudi, inajizima ili tusife, na mimi naiwasha.

Mimi nilitoka hospitali siku ya pili. Bibi alikaa siku tisa, akarudi anaongea vizuri, tukashukuru. Hilo ulilisikia. Ambalo Baba hajakuambia ni kwamba tangu wiki ya Idi akili inamtoka. Daktari anasema ile sumu wakati mwingine huchelewa kuonyesha kazi yake. Anauliza Babu ameamka? Mara ya kwanza Baba alimwambia kweli, akalia kama siku ile ya kwanza. Kesho yake akauliza tena. Sasa tunamwambia amelala. Eda yake haijesha na yeye hajui kama anayo.

Jumanne ile pia haikumbuki. Nimemuuliza. Amebaki hapa duniani mtu mmoja anayejua kwamba alijifungia chumbani kwangu bila kinyongo, na mtu huyo alinyamaza huku mnamwita mkaidi.

Sikuombi uniambie si kosa langu. Naomba radhi yako, ukiweza. Usipoweza kwa sasa nitaelewa. Bibi nimemwomba, akanishika kichwa akasema nimesamehewa, lakini hakujua anasamehe nini, kwa hiyo sijaihesabu.

Nisalimie Ami, Shangazi Imaculata wa nyumba ya pili, na Harun mdogo. Mama anakusalimu. Mungu akuhifadhi, wewe na nyumba yako, na amrehemu Babu.

Baba yuko jikoni anakunywa chai, leo ni zamu yake ya kupumzika. Stempu anazo yeye. Nitampelekea barua hii ikiwa wazi, nikae mbele yake mpaka aimalize. Ikikufikia, ujue ameisoma.

Mimi mtoto wa nduguyo, nikupendaye na kukuogopa,

Sumayya