Mishumaa Miwili, si Minne

Mdogo wangu Stela,

Lubumbashi inakusalimu, imelowa chapachapa. Leo asubuhi kanisani mvua ilileta giza, umeme nao ukakatika padri akisoma Injili. Akaomba mishumaa yote minne ya Majilio iwashwe. Mama anayetunza altare akakataa katakata: Jumapili ya pili, miwili tu!

"Ile ingine iko na siku yake, mon père. Tungoje!"

Tulicheka hadi machozi. Padri akainamia ile miwili, nusura aunguze ndevu, nasi tukasikiliza kama hatujawahi kusikia Injili.

Basi acha kumgombeza huyo anayekawia tumboni mwako. Mwambie mama mkubwa anasema: njoo kwa siku yako, mwanangu. Vigelegele viko tayari.

Dada yako, Tasiana