Ninakaza Skrubu Nyuma ya Mume Wangu

Bi Opal mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana jambo hili nimelibeba misimu miwili ya baridi na sina wa kumwambia, hapa kambini ukimwambia mtu asubuhi basi ikifika saa sita hata mbwa wamejua.

Mimi ni mwanamke wa miaka sabini na moja, kwetu Minnesota, na kila baridi ikianza mimi na mume wangu Verlyn tunateremka na gari letu la kuishi mpaka Yuma, jangwani Arizona, huu mwaka wa kumi na mbili. Wewe unayajua magari haya, ukishaegesha unabonyeza kitufe na ubavu wa gari unatoka nje kama droo, unapata sebule, na juu ya droo hiyo kuna turubai linalojikunjua lenyewe ili majani na maji visikae juu ya paa. Jua la huku linaozesha nyuzi, upepo unamalizia, na kila mwaka wapo watu watano sita ambao maturubai yao yamechanika, na wote wanakuja kwa Verlyn, kwa sababu alikuwa fundi wa matrekta na mikono yake ilisifiwa wilaya nzima, na hatozi mtu kitu, analipwa pai.

Sasa Bi Opal, mikono ile imekwisha. Ganzi ilianzia mkono wa kulia, anaangusha vikombe, vifungo vya shati havifungi mpaka avitazame, na nikimuuliza ananijibu, "Baridi tu hii, mama," na tuko Yuma, tumekuja kuikimbia hiyo baridi. Mwaka juzi alimbadilishia jirani turubai, nami kesho yake nikaenda kurudisha sahani ya pai, maana kwetu sahani ya mtu hukai nayo, nikainua macho nikaona skrubu ya kile chuma kinachoshika bomba linalokunjiwa turubai imetokeza nusu. Nikapanda ngazi yao nikaikaza, sikusema. Tangu siku hiyo kila akimaliza kazi nangoja pai, narudisha sahani na bisibisi iko mfukoni mwa aproni, wenyewe wakienda kucheza karata napanda. Kazi kumi na moja, tisa nimezikuta zimelegea na nyingine skrubu moja haikuwepo kabisa. Watu wanasema kazi ya Verlyn hailegei, naye anasikia, anarudi nyumbani anaimba, na mimi nafurahi, nakiri nafurahi.

Jumatatu akaja Merle Stuckey, mwenye basi kubwa lile, droo yake ni karibu nusu ya basi zima. Akafungua kiti chake cha kukunja mlangoni petu, akakaa.

"Mzee, mafundi wa mjini wananiambia ningoje mpaka Aprili, na wewe uko hapa unanenepa tu kwa pai za watu."

Verlyn akacheka. "Springi ya kwako inang'ata, bwana. Hiyo si ya kuchezea."

"Ndiyo maana nimekuja kwako, nisingekuja kwa huyo anayekaa namba tisa, hata kopo la maharage analifungua vibaya."

"Haya, lete turubai Jumamosi."

Springi hiyo naijua, imo ndani ya bomba na ndiyo inayolivuta turubai lijikunje. Unaizungusha kwa plaizi mizunguko kumi na kitu huku umeishikilia, mpaka mwenzako aingize pini, na mkono ukilegea mara moja tu plaizi inazunguka yenyewe kwa nguvu zote. Mwezi uliopita ilimponyoka kwenye letu dogo, ikavunja kioo cha pembeni, akasema plaizi ilikuwa imepata moto kwa jua. Jumamosi Merle ndiye atakayeinama pale na pini, uso wake karibu kabisa. Hiyo siwezi kwenda kuikaza kesho yake. Nikimwambia Verlyn ukweli nitamvunja, atakaa kitini aangalie jangwa, na nimewaona wanaume wanaokaa hivyo, hawafiki mbali. Nilifiche turubai likifika? Nimwambie Merle kwa siri? Nifanyeje?

Ardis, Yuma

Ardis, nimekusoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimekunja uso.

Pole kwanza. Kupanda ngazi ya jirani kwa umri huo, kwa ajili ya heshima ya mume, hayo ni mapenzi na asitokee mtu wa kuyacheka. Lakini unaniambia Verlyn hajui kwamba mikono yake imekwisha, nami nakuuliza, angejuaje? Kila akitazama juu anaona skrubu zimekaa. Fundi hujipima kwa kazi yake, na kazi yake umeimalizia wewe. Zile za kwanza zingelegea, turubai la mtu lingepigapiga usiku mmoja, angeona aibu, angenuna siku mbili, angeelewa. Wewe ndiye uliyempa ujasiri wa kuigusa springi ya Merle. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa mficha ni wewe, maradhi ni ya mwenzako, na wa kuumia ni jirani aliyeshika pini.

Turubai usilifiche, Merle ataagiza jingine. Wala usiende kwa Merle. Mume atakusamehe mengi, ila hatakusamehe kwamba mwenye kiti cha kukunja alijua kabla yake.

Ganzi hiyo apelekwe kwa daktari wiki hii. Huenda ni mshipa umebanwa, na huenda unatibika, nani ajuaye, nyinyi wawili mmekaa miaka miwili mkiiita baridi.

Na Jumamosi kazi iendelee. Plaizi ishikwe na mtu mwenye viganja vizima na glavu, wa pini akae pembeni asiweke uso mbele, na Verlyn asimame chini ahesabu mizunguko, aseme lini iongezwe na lini itoshe, kwa sababu hayo hayako mkononi, yako kichwani mwake. Huyo mwanaume wa kuangalia jangwa unayemwogopa ni yule asiye na wa kumsikiliza. Nami sijaona kambi ambapo mtu anafungua sanduku la vifaa bila wanaume watano kuja na viti vyao kumpa ushauri. Mara hii wakae wausikilize wa Verlyn. Na wewe ushike ngazi, mbele ya macho ya watu.

Lakini kabla ya hayo umwambie, na umwambie leo. Usitamke kwamba mikono yake imekwisha, hilo aliseme mwenyewe. Mkiwa kwenye kahawa weka bisibisi mezani umwambie, "Zile kazi zote, nilikuwa napita nyuma yako nikikaza." Kisha nyamaza. Pengine atatoka nje alizunguke gari mara tatu. Usimfuate. Akirudi atakuuliza zilizolegea zilikuwa ngapi. Mtajie zote, Ardis, usimpunguzie hata moja.