Kaburi la Koti

Alhamisi, katikati ya kipupwe, 1956

Leo ukungu haukuondoka kabisa. Siku nyingine ukifika mchana hupanda mlimani na kutuachia jua kidogo la kuanikia nguo, lakini leo umekaa uani kama mgeni asiyejua kuaga. Naandika nikiwa jikoni, karibu na mafiga, vidole vimekufa ganzi. Nataka nimalize kabla giza halijaingia.

Nimepata msaada wa karo.

Niseme hilo kwanza, maana ndilo nililolililia tangu nilipomaliza shule ya kati. Nafasi kwenye chuo cha ualimu Iringa nilikuwa nayo tayari, wa kunilipia ndiye hakuwepo. Nami nilidhani msaada ni wa maskini, basi. Kumbe hata umaskini una masharti. Misheni huwalipia watoto wa waumini wake, na sisi kanisani hatuonekani siku nyingi. Baraza la wenyeji huwalipia wa aina mbili: yatima, na yule ambaye baba yake atakuja mwenyewe, aketi naye benchi moja, aahidi mbele ya wazee kwamba mtoto akihitimu atarudi kufundisha kwetu. Ahadi ya mama haihesabiwi. Nilipouliza kwa nini, karani wa baraza alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini ng'ombe hana mabawa.

"Baba yako yuko?" akaniuliza siku ile.

Nikamwambia alikwenda Chunya kuchimba dhahabu nikiwa darasa la pili, na hajarudi.

"Sikuuliza alikokwenda, binti. Kama yupo, aje. Kama amekufa, useme amekufa. Hapo katikati hapana msaada."

Na sisi tulikuwa tunaishi hapo hapo katikati. Mtu mmoja aliyerudi kutoka Chunya alisema amemwona Baba mzima, amenunua na baiskeli. Mwingine akasema shimo liliwafunika. Mama hakumlilia wala hakuacha kumngoja. Kila jioni alimtengea bakuli lake, na asubuhi tulikila kile kiporo mimi na yeye.

Baba Mdogo ndiye aliyepata dawa. Kwetu mtu akifia mbali na mwili usipatikane, huzikwa nguo yake, watu wakalia, wafiwa wakanyoa, mambo yakaisha. Baba aliacha koti zito la sufu alilorudi nalo kutoka vitani.

"Hii koti ndiyo yeye," alisema Baba Mdogo. "Tunazika, tunalia, mtoto anasoma. Kaka yangu mwenyewe angekubali."

Sikubisha. Nilikitaka chuo kuliko nilivyotaka kubisha.

Tukamzika wiki iliyopita, nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Shimo lilikuwa dogo, la kumtosha mtoto mchanga, maana koti halina miguu. Majirani walilia vizuri sana; kuna wanawake hapa kwetu wanaweza kumlilia hata kuku. Lakini Baba Mdogo alipolibeba lile koti kulipeleka shimoni, alisimama njiani akaomba asaidiwe. Mtu anayepakia magunia ya mpunga kule Rujewa, ana mabega kama mlango, akaomba asaidiwe koti! Akasema limelowa. Halikuwa limelowa. Mimi ndiye niliyelitoa sandukuni, lilikuwa kavu.

Mama alikataa kunyoa. Walimsihi, akawajibu neno moja tu, "Huyo hajafika." Jioni akatenga bakuli.

Basi leo asubuhi tukaenda barazani. Wenye baba waliketi na baba zao. Mimi niliketi peke yangu kwenye benchi langu, Baba Mdogo amesimama nyuma yangu. Ukumbi ulijaa hadi watu wakaegemea kuta, ila mahali pa kando yangu palibaki wazi, nami nilipaonea aibu. Akaja mzee mmoja tunayemfahamu, anauza tumbaku sokoni, macho yake si mazuri. Akageuza fimbo yake ili aketi pale. Akasita, kisha akainamisha kichwa kwa adabu, akaamkia kikwetu.

"Ndaga, bwana. Samahani. Sikuona kama kuna mtu."

Akaenda kusimama na wenzake.

Sikugeuka. Naandika ukweli, niliogopa kugeuka. Ubavu wangu wa kushoto ulikuwa umeingia baridi, na nilisikia harufu ya sanduku lililofungwa siku nyingi.

Wakaita jina langu. Nikasimama. Karani akauliza mbele ya watu wote, "Baba yako yuko hai, au amekufa?"

Baba Mdogo akakohoa kidogo nyuma yangu, kunikumbusha. Nikaliona bakuli analotenga Mama. Nikaliona na darasa, ubao, chaki mkononi mwangu.

"Amekufa," nikasema.

Nilishangaa sauti yangu ilivyotoka safi. Wazee wakanong'onezana, na karani akatangaza kwamba binti huyu asaidiwe. Nilipoketi tena, baridi haikuwepo. Palikuwa ni ubao mtupu wa benchi, nikaushika kwa mkono kuhakikisha.

Tumerudi alasiri. Nilikuwa nikiimba njiani, Mungu anisamehe. Baba Mdogo alipita migombani kukata majani, kisha nikasikia ananiita kwa sauti ndogo, sauti ambayo si yake.

Kaburi limetitia.

Hakuna mtu wa kwetu asiyejua kwamba kaburi hutitia. Mwili ukiisha, udongo hushuka, na wenyewe huenda kuujaza. Lakini hilo huchukua miezi, tena sharti pawe na mwili. Asubuhi nilipita pale nikienda kuchota maji, na udongo ulikuwa umetuna. Mvua hatujaiona tangu mavuno. Sasa ardhi imeshuka, na haikushuka pale tu tulipochimba. Imeshuka kwa urefu wa mtu mzima aliyelala chali.

Baba Mdogo alikwenda kuleta jembe, akarudi nalo, akashindwa kuliinua. Mama akatoka ndani akaja kusimama nasi. Hakushtuka hata kidogo. Alitazama kuanzia upande wa kichwa hadi upande wa miguu, jinsi anavyomtazama mtu aliye usingizini, kuona kama amefunikwa vizuri.

"Sasa amefika," akasema. Kisha akanigeukia. "Niletee wembe."

Nimemnyoa mimi mwenyewe, hapa hapa jikoni. Sikujua kama ana mvi nyingi hivyo. Akaniuliza nilisemaje barazani, nikamwambia. Nilipomaliza upande mmoja, akanigeuzia wa pili.

"Basi alikuwa anangoja aambiwe," akasema.

Nimepata nilichokitaka, na sasa najiuliza. Je, Baba alikwisha kufa siku nyingi, akakosa tu wa kumruhusu arudi nyumbani? Au alikuwa hai hadi leo asubuhi, hadi niliposimama mbele ya wazee nikafungua kinywa?

Mama hanilaumu. Amejifunga kitambaa kichwani, sasa hivi anapakua chakula.

Ametenga mabakuli mawili tu, langu na lake mwenyewe.