Soya za Uji wa Prosper

Tunduma, 3 Februari 2025

Shikamoo Mama,

Natumaini mgongo umepoa. Mimi mzima, ila cherehani inanimaliza macho. Mwanangu Prosper hajambo? Soya nilizopanda nyuma ya nyumba Desemba zimeanza maua? Zitunze, Mama, ndizo za uji wake. Kliniki walisema kilo saba kwa mtoto wa mwaka na miezi mitatu ni hatari.

Mwanao, Lusungu

Lufingo, 16 Februari 2025

Ugonile mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule. Sisi wazima. Hayo maharage yako ya soya yalistawi, nikachuma majani kama tunavyochuma ya maharage yetu, nikaunga karanga. Gwe Lusungu! Mboga gani hii ina manyoya? Kuni zimeisha haijalainika, jirani yetu Mama Obed kala huku anacheka. Nimechuma mistari yote, yatachipua.

Mama yako

Tunduma, 22 Februari 2025

Mama,

Leo sina salamu. Mistari yote! Bila majani maganda yatatoka wapi? Nilisema uji, sikusema mboga! Ukiambiwa jambo unajifanya unalijua zaidi. Nimeongea na Amna, shangazi yake Prosper. Jumamosi ijayo anakuja kumchukua akae kwao Tukuyu mjini. Mfungashie nguo na kadi ya kliniki. Nimechoka kubembeleza.

Lusungu

Lufingo, 2 Machi 2025

Lusungu,

Salamu umeninyima, sikudai. Majani nilichuma mimi, sikuuliza, hilo kosa langu. Lakini kunitumia mtu mlangoni abebe mtoto kama anabeba kuku! Nani alimnyonyesha mwenzake, mimi au wewe?

Amna alifika, bodaboda ikimngoja uani. Nilimpa nguo na kadi kama ulivyoagiza. Alipomnyooshea mikono, Prosper aligeuka, akaja mbio za kuyumba, akajificha nyuma ya kanga yangu. Kwa miguu yake, Lusungu. Wiki ya tatu sasa anatembea. Amna alishindwa kumchukua, akaondoka peke yake. Soya za uji ameahidi kunitafutia sokoni, maana uzito wa mtoto bado, sikatai.

Ukitaka mwanao, njoo mwenyewe. Akitumwa mwingine, simtoi.

Na usiniulize kwa nini sikukuandikia kwamba anatembea. Nilikuficha makusudi, nikitaka Pasaka ushuke kwenye gari umwone anakujia. Sasa hasira zako zimenifanya nikwambie kwenye karatasi.

Mama yako