Ngozi ya Bibi Mokami

Gorong'a, 14 Januari 2024

Mpendwa Baba Happy,

Pokea salamu za hapa nyumbani. Mimi mzima, mama mzima isipokuwa lile goti, ng'ombe wazima. Hofu ni kwako na hao tembo wa Robanda. Nakuandikia kwa sababu simu ni ya mama, na nikiishika tu mama naye anasogea. Jackson, jirani yetu, kaahidi kukufikishia akipeleka ndizi Mugumu.

Happy analia. Kila jioni analia mpaka sauti inakauka, anavuta sikio, anakataa ziwa. Mama anasema huyo ni bibi yako Mokami, aliyezikwa nyuma ya zizi, anadai jina lake. Jina mimi silikatai. Bibi alikuwa mtu mwema, na hata mchungaji amesema mtoto anaweza kubeba majina mawili. Lakini mama anasema jina peke yake ni maneno tu. Anataka mbuzi achinjwe kaburini, bibi amwagiwe pombe ya ulezi na aombwe amwachie mtoto, halafu mtoto afungwe mkononi kipande cha ngozi ya huyo mbuzi.

Nikamwambia, "Mama, mtoto anabatizwa Pasaka."

Akasema, "Kwani nimekataza? Maji ya kanisani yanakauka. Ngozi inabaki."

Wewe ndiye uliyenipeleka darasa la ubatizo tukiwa wachumba. Nimjibu nini mama yako?

Wako,
Mama Happy


Robanda, 28 Januari 2024

Mke wangu,

Barua imefika inanuka ndizi, nikajua imetoka nyumbani. Mimi naendelea vizuri. Juzi tembo walimaliza mahindi ya jirani wa kambi yetu ya watalii. Wageni wetu walipiga picha, mwenye shamba alikaa chini.

Kuhusu mbuzi, usibishane na mama. Ni mzee, na wewe ndiye unayekaa naye, siyo mimi. Mbuzi ni nyama. Mchinje, mle, mtoto atulie, Pasaka mumbatize. Siku ya kanisa mvalishe sweta la mikono mirefu. Mungu anaangalia moyo, haangalii mkono.

Mbusu mtoto.

Baba Happy


Gorong'a, 25 Februari 2024

Baba Happy,

Salamu. Sisi tunaendelea, mvua imenyesha, mahindi yamefika magotini.

Tulifanya kama ulivyosema. Mbuzi alichinjwa, mama akaongea na bibi muda mrefu kama anayeongea na mtu aliyeketi. Mimi nilisimama karibu na zizi, nikajidanganya kwamba sipo. Lakini walipomfunga mtoto ngozi mimi ndiye niliyemshika mkono, maana alikuwa anarusharusha.

Akalala siku mbili bila kulia. Mama akacheka, akaniambia, "Haya, mlokole, umeona?" Na mimi nilifurahi. Hiyo furaha ndiyo inayonisumbua. Sasa nikitaka kuomba naanza kwa kuigusa ile ngozi, naangalia kama imelegea. Nikiisha kuikaza ndipo naweza kusema Baba yetu.

Kanisani nilimvalisha sweta, jua lile la saa sita. Agustina wa kikundi cha akina mama alimpokea anibebee, akamshika mkono, vidole vikasimama hapo hapo kwenye ngozi. Akanirudishia mtoto na wimbo ukaendelea.

Siku ya tatu kilio kilirudi. Mama anasema yule mbuzi alikuwa na doa jeupe shingoni, bibi hakumpokea. Anataka mweusi asiye na doa. Baba Happy, nikajikuta namuuliza, "Tutampata wapi?" Sikumuuliza kama tumpate. Niliuliza wapi.

Niandikie haraka.

Mama Happy


Robanda, 6 Machi 2024

Mke wangu,

Natumaini hamjambo. Mimi mwili mzima ila kichwa kimejaa.

Yule beberu mweusi wa mjomba Nchagwa hana doa. Nimeshaongea na mjomba, siku mama akipanga atamleta. Mambo yasifanyike nusu, ndiyo maana mtoto analia. Ubatizo unaweza kusogea, kanisa halihami.

Halafu, hapa kambini kuna maneno kwamba jikoni watapunguzwa watu. Laurian, mwenzangu wa jikoni, amefunga siku tatu anaomba. Mimi naomba pia. Ila mkimchinja huyo mweusi, nikatie na mimi kipande, Jackson aniletee. Nitavaa chini ya saa, hakuna atakayeona.

Baba Mokami


Gorong'a, 5 Mei 2024

Baba Happy,

Nakusalimu kwa jina la Yesu. Najua umengoja miezi miwili. Tuko wazima sasa, ndiyo maana naweza kushika kalamu.

Beberu alipangiwa Jumamosi. Jumatano mtoto alichemka, na sikio la kushoto likaanza kutoa usaha. Mama akasema tuvumilie, Jumamosi siyo mbali. Na mimi nikavumilia, Jumatano yote, Alhamisi yote. Ijumaa alipoacha kulia nilimbeba nikaenda zahanati. Kile kimya kilinitisha kuliko kilio.

Nesi Editha akaniuliza, "Anavuta sikio tangu lini?"

Nikasema, "Tangu Januari."

"Na mmekuwa mnafanya nini?"

Nikaangalia mkono wa mtoto. Na yeye akaangalia. Ngozi ilikuwa imembana, chini yake kidonda. Akachukua mkasi, akauliza, "Nikate?" Nikamwambia, "Nipe mimi. Ni mimi niliyemshika wakati wanafunga." Nikakata. Mtoto alitulia.

Wakatupeleka hospitali kubwa, tukalazwa wiki mbili. Homa imeisha. Sikio la kushoto halisikii. Daktari anasema labda litarudi, labda halitarudi. Mimi naamini litarudi.

Sisemi Mungu amempiga mtoto. Nasema macho yangu yalikuwa mkononi, na sikio lilikuwa pale pale karibu.

Nimemweleza mchungaji yote, na sweta pia. Beberu amerudi kwa mjomba. Mama aliniambia, "Umemkata bibi." Nikamjibu, "Hapana mama, bibi nimempumzisha. Jina lake litaitwa kanisani, Happy Mokami." Hakula na mimi kwa siku kadhaa. Jana nilimkuta kambeba mtoto, anamwita, mtoto hageuki. Akamhamishia bega la pili, akamwita tena kwa upande wa kulia, mtoto akacheka. Mama akageukia ukuta, akajifuta na kanga.

Kile kipande chako sikutuma. Cha mtoto kilibaki kwenye ndoo ya takataka zahanati, na kingine sitafuti. Kazi ikiisha, njoo tulime. Isipoisha, njoo pia. Ubatizo ni Jumapili ya Pentekoste, na sitaki kusimama pale mbele peke yangu, mzazi mmoja.

Ukifika usije ukavunjika moyo. Ukimwita asigeuke, siyo kwamba amekusahau. Zunguka, mwite kutoka kulia.

Mkeo,
Mama Happy Mokami